Kreatinini Iliyoshuka Bila Figo Kupona: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Lishe

Mgonjwa ninayemzungumzia ni mama wa miaka 57, mshonaji wa nguo, aliyeishi na shinikizo la juu la damu kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kugundulika kwamba figo zake zimedhoofika. Nilimhudumia upande wa lishe. Jina lake na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha. Nimeona kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa kirefu kwa sababu madhara yaliyompata hayakutokana na kupuuza ushauri, bali yalimpata kwa kuufuata ushauri aliopewa kwa utii mkubwa kuliko wagonjwa wengi niliowahi kuwaona, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo.

Ugonjwa wake ulithibitishwa kwa vipimo viwili vilivyopishana kwa zaidi ya miezi 3. Kreatinini ya damu, taka ya misuli ambayo figo huitoa, ilikuwa mikromoli 177 kwa lita, kiasi ambacho kwa mwanamke wa umri wake kinaashiria kwamba figo zinachuja takriban mililita 29 kwa dakika. Uchujaji wa mililita 90 na kuendelea huhesabiwa kuwa mzuri. Ukishuka chini ya 60 na kubaki hapo kwa miezi 3 au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo, na kati ya 15 na 29 mgonjwa yuko katika hatua ya nne kati ya tano. Siku hiyo alikuwa na uzito wa kilo 68 kwa urefu wa sentimita 160, miguu haikuwa imevimba, na hakuwa na kisukari. Potasiamu, madini ambayo figo huyatoa yanapozidi, ilikuwa milimoli 4.8 kwa lita, ndani ya kiwango cha kawaida cha 3.5 hadi 5.0, na fosforasi yake, madini mengine ya namna hiyo, pia ilikuwa ya kawaida. Alikuwa akimeza losatani, dawa ya shinikizo la damu ambayo huzilinda figo zinazovujisha protini kwenye mkojo, lakini ambayo pia huelekea kupandisha potasiamu.

Akapewa karatasi. Niliishika mwenyewe baadaye, ikiwa imekunjwa mara nne hadi mikunjo yake ikaanza kukatika. Juu iliandikwa kwamba hivi ni vyakula ambavyo mgonjwa wa figo haruhusiwi kula, na chini yake ikafuata safu moja ndefu: ndizi, machungwa, nyanya, viazi, maharage, mboga za majani, karanga, maziwa, mayai, nyama, chumvi. Upande wa pili ulikuwa mweupe. Hapakuwa na neno hata moja juu ya kile anachoweza kula, wala kiasi, wala sababu ya kila katazo, wala maelezo kwamba baadhi ya makatazo hayo huwahusu wale tu ambao vipimo vyao vimeonyesha tatizo fulani.

Kwa miezi 5 mama huyu aliishi na karatasi hiyo. Asubuhi alikula mkate mweupe kwa chai isiyo na maziwa. Mchana na jioni alikula wali na kabichi iliyochemshwa, na tufaha moja alipoweza. Kuku alimwonja mara moja kwa wiki, kipande cha ukubwa wa vidole viwili, na hata hicho alikila kwa hofu. Kwa kuwa juisi za matunda zilikatazwa, akazoea soda nyeusi ya kola, ambayo haikutajwa popote. Na kwa kuwa chumvi nayo ilikatazwa, binti yake, kwa mapenzi tu, alimnunulia kopo la chumvi mbadala lililoandikwa kwamba lina sodiamu kidogo na linawafaa wenye shinikizo la damu.

Alipofika kwangu kwa mara ya kwanza, binti alinikabidhi majibu mapya ya maabara huku akitabasamu. Kreatinini ilikuwa imeshuka kutoka 177 hadi 150, na makadirio ya uchujaji yalikuwa yamepanda hadi 35, maana yake amerudi hatua ya tatu. Ninakiri kwamba jicho langu lilianza na mstari huo, na kwamba nilimpongeza mama kabla sijasoma mistari iliyobaki. Potasiamu ilikuwa 6.2. Bikaboneti, ambayo hupima uwezo wa damu kuihimili tindikali, ilikuwa 18, ilhali tunataka isiwe chini sana ya 22. Nilipomwomba asimame apimwe uzito, aliegemea meza kwa mikono miwili ndipo akainuka. Mizani ilionyesha kilo 59. Pete yake ya ndoa alikuwa ameizungushia uzi mweupe kwa ustadi wa kazi yake, mzunguko juu ya mzunguko, ili isimdondoke kidoleni.

Potasiamu ya 6.2 si jambo la kuzungumzia lishe. Ni jambo la dharura, kwa sababu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo bila dalili yoyote kutangulia. Alipelekwa hospitali saa hiyo hiyo, kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha mawimbi yaliyochongoka, akatibiwa na kulazwa siku 2. Mengine yote ninayoyaeleza hapa yalianza baada ya hapo.

Kwa nini kreatinini ilishuka

Kreatinini ni taka inayotokana na misuli, na mwili huitengeneza kila siku kwa kiasi kinacholingana na wingi wa misuli hiyo. Kiasi kinachobaki kwenye damu hutegemea mambo mawili: ni kiasi gani kinaingia, na ni kiasi gani figo zinaweza kutoa. Tunapoitumia kukadiria uchujaji, tunachukulia kwamba kinachoingia hakijabadilika. Mama huyu alikuwa amepoteza kilo 9, yaani zaidi ya asilimia 13 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya kilichopotea ilikuwa misuli. Nyama pia haikuwa ikiingia mlangoni, na nyama iliyopikwa ina kreatinini yake inayopandisha kipimo kwa muda, ndiyo maana ni busara kutokula nyama katika saa 12 kabla ya kutolewa damu. Kwa hiyo taka iliyoingia kwenye damu ilipungua, nayo namba ikashuka, huku figo zikiwa palepale.

Hatukutaka kubaki na dhana. Tuliomba kipimo cha sistatini C, protini ndogo inayotolewa na karibu seli zote za mwili na isiyotegemea sana wingi wa misuli. Makadirio yake yalikuwa mililita 28 kwa dakika. Figo hazikuwa zimepona hata kidogo. Kilichokuwa kimepungua ni mama mwenyewe.

Nilipohesabu chakula chake cha siku tatu, nilipata wastani wa kilokalori 1,050 na gramu 25 hivi za protini kwa siku. Mwongozo wa KDIGO wa mwaka 2024, ambao ndio rejea kuu ya kimataifa katika magonjwa ya figo, unapendekeza protini ya gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa watu wazima walio katika hatua ya tatu hadi ya tano, na unaonya dhidi ya kuzidisha gramu 1.3. Kupunguza chini ya hapo kuna historia yake ya heshima: mwaka 1964 madaktari Giovannetti na Maggiore wa Pisa, Italia, walionyesha kwamba mlo wenye protini kidogo sana uliopangwa kwa makini uliwapunguzia wagonjwa wa hatua za mwisho kichefuchefu na dalili nyingine za sumu ya taka, wakati ambapo mashine za kusafisha damu hazikuwafikia wengi. Lakini wagonjwa wao walipewa protini hiyo kidogo kutoka katika vyakula vya ubora wa juu, na wakapewa nishati ya kutosha. Hapo ndipo tofauti ilipo. Mtu asiyepata nishati ya kutosha huichoma protini kama kuni, kwanza ile ya chakula, kisha ile ya misuli yake. Mlo wa mama huyu ulipunguza vyote viwili kwa pamoja, na matokeo yake yakawa njaa iliyovikwa jina la tiba.

Jambo lililowachelewesha watu kuliona ni kwamba hakuonekana kama mtu mwenye njaa. Kilo 59 kwa urefu wake bado ni uzito unaoitwa wa kawaida kwenye chati, na majirani walimsifu kwamba amepungua vizuri. Katika ugonjwa wa figo, swali la kuuliza si uzito wa leo peke yake, bali umetoka wapi na kwa muda gani, na kama mtu anaweza kuinuka kwenye kiti bila kushika chochote.

Potasiamu ilitoka wapi

Binti aliuliza swali ambalo lilikuwa la haki kabisa: mama hajala ndizi wala nyanya kwa miezi 5, hiyo potasiamu imetoka wapi? Nilimwomba alete kila kitu kilichomo kwenye kabati la jikoni, naye siku iliyofuata akaja na mfuko.

Jibu kubwa lilikuwa ndani ya lile kopo la chumvi. Chumvi ya kawaida ni kloridi ya sodiamu. Katika chumvi mbadala sehemu ya sodiamu huondolewa na kuwekwa kloridi ya potasiamu, ambayo zaidi kidogo ya nusu ya uzito wake ni potasiamu tupu. Kopo hilo lilikuwa nusu kwa nusu. Kijiko kimoja cha chai, gramu 5 hivi, kilibeba karibu gramu 1.3 za potasiamu, yaani zaidi ya kile kinachopatikana katika ndizi tatu, tena katika hali ambayo mwili huifyonza haraka na karibu yote. Kwa kuwa ladha yake ni hafifu, na kwa kuwa waliamini haina madhara, walikuwa wakiitia kwa ukarimu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake kuhusu chumvi za namna hii Januari 2025, liliwatoa waziwazi wenye matatizo ya figo katika watu wanaopendekezewa. Kwa mtu mwenye figo nzima chumvi hiyo inaweza kuwa msaada wa kweli. Kwa mama huyu, anayemeza losatani na ambaye figo zake haziwezi kuitoa potasiamu ya ziada kwa wakati, ilikuwa hatari iliyowekwa mezani kila mlo.

Jibu la pili lilinigusa zaidi. Binti alikuwa amesikia kwamba mboga zikichemshwa hupungua potasiamu, na ni kweli: madini hayo huyeyuka katika maji, kwa hiyo mboga au viazi vikimenywa, vikakatwa vipande vidogo, vikachemshwa katika maji mengi na maji hayo yakamwagwa, sehemu kubwa huondoka nayo. Basi alikuwa akiichemsha kabichi vizuri kabisa. Nilipomuuliza maji anayamwaga wapi, alinitazama kwa mshangao na kusema, “Simwagi. Namtilia mama kwenye kikombe anywe, maana virutubisho vyote vimo humo.” Mama akaitikia kwa kichwa. Alikuwa akiyanywa kila jioni, yakiwa ya vuguvugu, yamekolezwa kwa chumvi ile ile ya kopo.

Kulikuwa na sababu nyingine ambazo hazikutoka kwenye chakula, na ambazo karatasi ya makatazo isingeweza kuzitaja. Misuli inapovunjwa humwaga potasiamu yake kwenye damu, kwa kuwa potasiamu nyingi ya mwili hukaa ndani ya seli. Tindikali inapozidi, potasiamu huelekea kutoka nje ya seli. Na mlo wake ulikuwa umemfungia choo, akawa anaenda haja kubwa mara mbili kwa wiki, ilhali figo zinapodhoofika utumbo mpana huchukua jukumu kubwa zaidi la kuitoa potasiamu. Mboga, matunda na maharage aliyonyimwa kwa ajili ya potasiamu ndiyo yangempa nyuzinyuzi za kulegeza choo hicho, na ndiyo yangesaidia kupunguza tindikali, kwa sababu vyakula vya mimea kwa jumla huacha alkali mwilini pale ambapo vya wanyama huacha tindikali. Hali hii ya kuziba tundu kwa kitambaa kilichokatwa kutoka kwenye nguo ile ile nimeiona kwa wagonjwa wengi wanaopewa orodha badala ya maelezo.

Tulichobadilisha

Kopo liliondoka siku hiyo hiyo. Daktari alimwanzishia vidonge vya bikaboneti na kupunguza losatani kwa muda, akiwa na nia ya kuirudisha kwenye kipimo chake potasiamu itakapotulia, kwa kuwa faida yake kwa figo ni kubwa mno kuachwa kwa sababu ya kosa la jikoni.

Upande wangu, nilianza na nishati, si na protini, na sikugusa potasiamu ya matunda hata kidogo katika wiki mbili za mwanzo. Lengo lilikuwa kilokalori 1,900. Mafuta ya kupikia yalitufaa sana hapa, kwani kijiko kimoja kikubwa kina kilokalori 120 hivi bila potasiamu, fosforasi wala protini, nayo yanaweza kuingia kwenye wali, mkate na mboga bila kumlazimu mgonjwa asiye na hamu kula sahani kubwa zaidi. Mama alipinga, kwa sababu alifundishwa kwamba mafuta ni adui. Ilinichukua mazungumzo mawili kumwonyesha kwamba kwa sasa mwili wake unajichoma wenyewe kwa kukosa kitu kingine cha kuchoma.

Kisha tukaweka protini ya gramu 50 kwa siku, kwa kukadiria uzito wa kilo 63 tuliokuwa tunaulenga. Nilimwonyesha kwa macho: yai moja lina gramu 6 hadi 7, kipande cha kuku au samaki kilichopikwa, cha ukubwa wa karata, kina kati ya 20 na 25, nafaka na mkate wa siku nzima huleta zaidi ya 15. Mayai yalirudi. Kuku na samaki walirudi, kwa kiasi hicho cha karata moja, kila siku.

Maharage yalizua mjadala mrefu, kwa sababu alikuwa ameambiwa na watu watatu tofauti kwamba yatamuua. Fosforasi yake haikuwahi kuwa juu. Hata ingekuwa juu, fosforasi ya mimea imefungwa katika umbo ambalo utumbo wa binadamu hauna kimeng’enya cha kulifungua ipasavyo, hivyo sehemu ndogo tu, mara nyingi chini ya nusu, ndiyo hufyonzwa. Ile inayoongezwa viwandani ndiyo hufyonzwa karibu yote: katika soseji na nyama zilizosindikwa, katika jibini laini za kupaka, na katika soda nyeusi aliyokuwa akiinywa kila siku kwa amani ya moyo. Nilimfundisha binti kutafuta kwenye lebo neno lolote lenye “fosfeti” au “phosphate” ndani yake, pamoja na namba kama E338, E340, E450 na E452. Soda ikakoma. Maharage yalirudi baada ya wiki sita, nusu kikombe, yakiwa yamelowekwa, yamechemshwa na maji yake kumwagwa, mara tatu kwa wiki, na tulipima potasiamu baada ya siku 7.

Utaratibu huo wa kurudisha chakula kimoja, kupima, kisha kurudisha kingine, ni wa polepole na unachosha. Hata hivyo sijui njia nyingine ya heshima ya kumwambia mtu kwamba chakula fulani kinamfaa au hakimfai yeye, si “mgonjwa wa figo” kwa jumla. Nyanya zilirudi kwa kiasi. Machungwa tuliyajaribu, potasiamu ikagusa 5.4, tukayaacha, akabaki na tufaha, zabibu mbichi na vipande vya nanasi.

Chumvi ya kawaida ilibaki chini ya gramu 5 kwa siku, ambayo ni kijiko cha chai kilichosawazishwa, ikijumlishwa na ile iliyomo kwenye mkate. Badala yake walitumia ndimu, vitunguu, tangawizi na pilipili manga. Kuhusu maji, hakukuwa na sababu ya kumnyima wala ya kumlazimisha kunywa ndoo nzima ili kuosha figo. Alikunywa kwa kiu yake.

Miezi 4 baadaye

Uzito ulifika kilo 63. Potasiamu ilikuwa 4.9, bikaboneti 23, na losatani ilikuwa imerudi kwenye kipimo chake cha awali. Choo kilikuwa cha kila siku. Aliinuka kitini mikono ikiwa kifuani, mara tano mfululizo, huku akihesabu kwa sauti.

Kreatinini ilikuwa 174, na makadirio ya uchujaji yalikuwa yamerudi 29. Binti aliposoma namba hizo machozi yalimlengalenga, akasema, “Basi vile vyakula vimemharibu.” Nilimwonyesha sistatini C kando yake: bado 28, kama ilivyokuwa siku mama alipokuwa hawezi kusimama. Figo hazikushuka. Misuli ndiyo iliyorudi, na misuli iliyorudi hutoa kreatinini. Nilirudia maelezo hayo mara mbili, kisha mama akayarudia mwenyewe kwa binti yake kwa maneno yake, vizuri kuliko nilivyoyasema mimi: “Mwanangu, ile namba ilishuka kwa sababu nilikuwa nimepungua mimi.”

Inawezekana kwamba katika miaka ijayo atahitaji kusafishwa damu kwa mashine, na siku hiyo mahesabu haya yatageuka, kwani usafishaji hupoteza protini na lengo lake litapanda hadi gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Nimeliandika hilo kwenye faili lake ili atakayempokea asimrudishie gramu 50 zangu kana kwamba ni sheria ya kudumu. Ile karatasi ya zamani mama hakutaka itupwe. Tuliigeuza, na kwenye ule upande uliokuwa mweupe binti akaandika kwa mkono wake vyakula ambavyo mama yake anakula, kiasi chake, na tarehe ya kipimo kilichoruhusu kila kimoja.